Karani wa Safe Journey

Ukitaka kumkasirisha Karani, ngoja mtu atoke kwa nyumba yake na kopo la maji akielekea choo ya ploti, halafu umwambie kwa sauti, "Safe journey!" Mimi nilifanya hiyo kitu. Nilikuwa nimekaa kwa cherehani yangu hapo veranda, sina kazi, mdomo unaniwasha, na jirani yetu dereva akapita mbio na kopo. Nikampigia saluti. "Safe journey, buda!" Ploti nzima ikacheka. Hata dereva mwenyewe alicheka, ingawa hakuwa na wakati.

Karani hakucheka. Alikuja polepole mpaka mbele ya cherehani, akatoa kofia, akaiweka juu ya kitambaa cha mtu, akaniuliza, "Huyo anaenda kulala wapi leo?"

"Kwake."

"Basi hiyo ni safari gani?"

Nikasema inategemea alikula nini. Akachukua kofia yake akaenda. Siku tatu hakunisalimia.

Tulimwita Karani kwa sababu hiyo ndiyo kazi alifanya mpaka wakampumzisha. Alikuwa karani wa tiketi wa kampuni moja ya mabasi ya mbali, nyuma ya dirisha la waya, pale steji kubwa ya Nairobi watu wa Eastlands tunaita Machakos Airport, ingawa ndege pekee utaona hapo ni kuku wamefungwa miguu. Mwenye kampuni alikuwa ametoa amri: kila abiria akipewa tiketi, aambiwe "Safe journey". Makarani wengine waliisema kama mtu anatema mbegu ya chungwa. Yeye aliona hiyo ndiyo kazi, na tiketi ni karatasi ya kufungia. Siku ya kuacha kazi aliwarudishia stempu, funguo na kalamu. Hilo neno akakuja nalo nyumbani, mtaani kwetu Jericho.

Mambo ya nyuma yake siyajui. Najua mkewe alikufa kabla sisi kuhamia, na binti yake ameolewa Kisumu. Mimi nilikuwa jirani wake wa ukuta mmoja, miaka karibu saba, na ukuta wa nyumba za kanjo, hizi za baraza la jiji, ni mwembamba, kwa hivyo hata kikohozi chake nakijua. Cha asubuhi kilikuwa kifupi. Cha jioni kilikuwa na maoni.

Nikwambie mapema jambo moja, usije ukasema nilikuficha. Huyu mzee wa kusindikiza watu hakuwa anaenda kwao. Kila Desemba, ploti ikianza kubaki tupu, alitoa sutikesi yake, akaipanguza vumbi, akapanga nguo, akavaa koti na tai, akaiweka sutikesi nje ya mlango na kuikalia. Anakaa hivyo kutoka asubuhi mpaka jua liko juu ya utosi. Halafu anasimama, anaingiza sutikesi ndani, na kupitia ukuta nasikia akitundika nguo tena, moja moja. Kwao ni upande wa Kitui, safari ya siku moja tu. Na hakuna mtu kwa ploti aliuliza. Hata mimi sikuuliza, na mimi naulizanga watu mpaka umri wa paka wao.

Haya. Hilo neno lilikuwa na masharti.

Kwanza, mtu lazima awe anaenda kulala kwa kitanda kingine. Anayeenda Huruma kuona shangazi na atarudi kwa chakula cha jioni, huyo unamwambia "haya, baadaye". Kuna kijana mmoja alikuwa anafanya kazi ya mjengo huko Donholm, wakati huo wanajenga zile nyumba mpya. Kila asubuhi anasimama mlangoni kwa Karani akiomba aambiwe, kwa utani. Karani akamjibu, "Ukienda Donholm na ulale huko, nitakwambia. Lakini ukilala huko, mke wako naye atakwambia yake."

Pili, hasemi mkiwa nyumbani. Msafiri anakuja kumpa habari siku moja mbele, naye asubuhi anatoka na koti lake, tai yake, na penseli juu ya sikio ingawa haandiki chochote. Anawafuata nyuma mpaka steji. Mzigo habebi. Hata kikapu cha mkate. "Mimi si hamali," anasema. "Nimekuja kuaga." Njiani anauliza maswali: unaenda wapi, nani anakungoja, nani amejua umetoka. Ukikosa kujibu moja, anatembea polepole zaidi, kama anataka basi iwaache.

Tatu, anasema mguu wako wa kwanza ukiwa juu ya ngazi ya basi. Hapo anatoa kofia, anasimama wima, anakuangalia usoni kama daktari wa macho. "Safe journey." Mara moja tu. Mkiwa watu watatu anasema mara tatu, kila mtu yake, kwa sababu hiyo si mvua ya kunyeshea kila mtu. Ukimwomba arudie anakataa. Alisema ukirudia unaonekana una wasiwasi.

Na ukishaambiwa, hurudi nyuma. Hii ndiyo ilimletea shida. Mama mmoja wa kwaya, mama mnene wa furaha nyingi, alipanda ngazi, akaambiwa, akakaa, akapanga vikapu vyake vyote, kisha akapiga nduru. Alikuwa ameacha mtoto kwa mwenye kuuza machungwa.

"Nishushe!" anaambia tanboi, yule msaidizi wa mlangoni.

"Kaa hapo!" Karani naye anapiga kelele kutoka chini. "Ukishuka imeharibika!"

"Mtoto, Karani! Nimeacha mtoto!"

"Nimesikia! Kaa!"

Sisi wote tuliona huyo mzee asiyebeba kikapu cha mkate akikimbia katikati ya mabasi, kofia mkono mmoja, na kurudi na mtoto mkono mwingine, mtoto ana chungwa mdomoni, analia na kula pamoja. Akampitisha dirishani. Kisha akasimama akafikiria, kwa sababu mtoto naye ni abiria. Akatoa kofia tena, akamwangalia usoni, akamwambia yake. Mtoto akamtemea mbegu.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa Mama Zuhura, wa nyumba ya kona, watu wao wametoka pwani. Anakaanga viazi na kaimati kwa karai pale mlangoni, na kwa ulimi hakuna mtu wa kumweza. Mimi nilijaribu mara mbili, nikakubali.

"Wewe Karani," anamwambia, "hebu nieleze mimi nisiyesoma. Hilo neno lako na 'safari njema' tofauti yake ni nini? Si maana ni ile ile?"

"Maana ni ile ile."

"Basi?"

"Safari njema wewe unaisema ukigeuza viazi. Nimekusikia. Hata hukuinua kichwa."

"Mungu anasikia hata kwenye mafuta."

"Mungu anasikia. Yule anayeenda ndiye hasikii. Anaona mgongo wako tu."

Mama Zuhura akapiga karai na kijiko. "Sasa Mzungu ndiye alikufundisha kumwangalia mtu usoni?"

"Hapana. Mzungu alinipa neno tu. Kuangalia nimejifunza dirishani." Kisha akasema kitu ambacho nimekikumbuka. Alisema mtu anayesafiri, hata dereva, hata mkubwa wa ofisi, anapopanda ngazi anakuwa mdogo kidogo. Anaacha nyumba na hajafika nyumba. Hapo katikati hana kwake. Kwa hivyo unamwambia kitu cha kushika.

"Basi mimi sitakisema Kiingereza chako mpaka naingia kaburini," akasema Mama Zuhura.

"Hata huko hutaambiwa," Karani akajibu, na akanunua viazi.

Hiyo ya kaburini hakuwa anatania. Jirani mmoja alikufa, mwili ukapelekwa kwao kwa basi la kukodi, jeneza juu kwa keria limefungwa kamba. Watu wamesimama, akina mama wanaimba, na kijana mmoja kwa uchungu wake akainua mkono akasema "Safe journey, mzee." Karani akamshika bega, polepole, bila ukali. "Huyo amefika tayari. Hawa ndio wako barabarani." Akaenda kwa mjane, akamwambia. Akaenda kwa dereva, akamwambia. Dereva alikuwa hajatarajia. Aliweka mikono yote miwili kwa usukani kama mtu anaanza kujifunza.

Wale wa kanisa nao walikuwa na lao, "journey mercies", yaani rehema za safari. Karani alikuwa mwanakanisa, lakini hiyo hakuipenda. Hakuwa na shida na maombi, shida yake ilikuwa urefu. Kulikuwa na mzee wa kanisa ambaye akianza kukuombea journey mercies anataja kila mto kati ya hapa na kwenu, kila kona, kila daraja, anamtaja dereva, anataja breki. Siku moja aliomba mpaka basi ikaondoka. Tulifungua macho tukakuta sisi na mzigo na moshi. Karani akasema, "Amina. Breki zao zimepona."

Sasa usidhani alikuwa mtu wa kunyooka kila mahali. Alichukia udaku, lakini kama unataka kujua nani ameenda wapi na amemwachia nani mtoto, unamwuliza Karani. Alihubiri kuwahi, na alifika steji saa mbili kabla ya basi, na mara nyingi alilala hapo kwa benchi mpaka tunamwamsha aje aage. Aliniita Redio kwa sababu ya mdomo wangu, na mimi nikimaliza kuongea ananiuliza, "Halafu?"

Na alikuwa na macho makali kuliko polisi. Kijana mmoja wa ploti ya pili alikuja na begi, amepaka mafuta, anasema amepata kazi Mombasa. Tukafika steji. Mguu uko juu ya ngazi. Karani kofia bado iko kichwani.

"Nani amejua umetoka?"

"Watu."

"Watu gani?"

Kijana anaangalia tairi.

"Yule msichana wa karibu na bomba, amejua?"

Mimi nilikuwa hapo, na nilimshonea huyo msichana sketi mwezi huo, na kiuno kilikuwa kimeanza kukataa zipu. Kwa hivyo nilinyamaza, na mimi kunyamaza ni habari.

"Siwezi kukwambia neno," Karani akasema. "Nenda ukitaka. Basi ni ya watu wote. Lakini mimi sina la kukwambia."

Ungefikiri ni kitu kidogo. Kijana alisimama pale na mguu mmoja juu, tanboi anamsukuma, abiria wanamtukana, na hawezi kupanda. Mwisho akashusha begi. Walioana, na mtoto wao ndiye huyu anavunja vioo vya ploti na mpira. Tukimlalamikia Karani, anasema yeye aliaga watu tu, hakulea.

Sasa nifike kwa ile Desemba.

Karani alikuwa amekalia sutikesi yake kama kawaida, viatu vinang'aa, tai imekaza shingo. Mimi nilikuwa na nguo za sikukuu za watu mpaka juu ya kichwa, nimechoka, na nikichoka ndiyo utani hutoka bila kupita kwa akili. Nikapiga kelele kutoka kwa cherehani, "Safe journey, Karani! Tusalimie watu wa nyumbani!"

Ploti ikanyamaza. Hata karai la Mama Zuhura nililisikia likinyamaza, na karai halinyamazi.

Karani akageuka. Hakukasirika, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. "Asante," akasema. "Lakini siendi."

Mama Zuhura alikuja akanipiga kofi la mgongo na mkono wa unga. "Msichana mpumbavu wewe! Mdomo huo uushone na cherehani hiyo!" Nikaenda nikakaa chini kando ya sutikesi. Nikasema pole. Akanieleza, bila kuniangalia.

Alikuwa na ndugu yake mkubwa, mchongaji wa vinyago, huko kwao. Huyo ndugu aliuza ng'ombe wa mama yao bila kumwuliza, akaezeka nyumba ya mama kwa mabati. Jambo zuri tu. Lakini Karani hakuulizwa, na kutoulizwa kunauma kuliko hasara. Ndugu akaja Nairobi kumweleza, wakagombana siku mbili. Siku ya tatu asubuhi, Karani yuko kazini, foleni ni ndefu, na kwa hiyo foleni yuko ndugu yake anarudi nyumbani. Mtu wa kwanza, tiketi, Safe journey. Wa pili, Safe journey. Mama mwenye kuku, Safe journey. Ndugu akafika dirishani. Karani akapiga stempu, akasukuma karatasi chini ya waya, akaangalia mtu wa nyuma.

"Sikumwambia," akasema.

"Basi ilipata ajali?" nikauliza.

"Ajali gani? Alifika salama kabisa. Wiki iliyofuata dereva wa hiyo basi akaniletea salamu zake: mwambieni huyo karani wenu asije hapa." Akapangusa kiatu ambacho hakikuwa na vumbi. "Miaka minane. Mtu haendi mahali hangojwi. Mimi nimewaambia watu hivyo, sasa nitajidanganya mwenyewe?"

Nikarudi kwa cherehani, kwa nguo za watu.

Miezi ikapita. Msichana mmoja wa mtaa akapata mchumba huko huko upande wa kina Karani, na mimi ndiye nilimshonea gauni ya harusi. Ikabidi niende nayo nimpime, kwa sababu bibi harusi akikaribia siku ananenepa kwa wasiwasi. Karani akanisindikiza. Akauliza maswali yake, nikajibu yote. Tukiwa karibu na basi akasema, anaangalia juu kwa keria, "Huko sokoni utaona mchongaji mmoja, mrefu, ana kovu hapa kidevuni. Ukimwona, usimsalimie."

"Sawa, Karani."

"Hata kidogo."

"Sawa."

"Anakaanga upande wa kushoto ukitoka kwa kinu. Yaani, anachongea hapo. Usikosee ukapita hapo."

Mzee alikuwa amechanganyikiwa mpaka ameanza kumkaangisha ndugu yake. Mguu ukapanda, kofia ikatoka, akaniambia. Na nikwambie ukweli, mimi nilikuwa nimecheka hilo neno miaka yote. Lakini ukiwa hapo juu, na yuko chini anakuangalia hivyo, hucheki. Unashika chuma cha mlango na unasema asante.

Mchongaji nilimpata upande wa kushoto ukitoka kwa kinu. Alikuwa ameketi chini, vipande vya mti vimemfunika miguu, anachonga twiga na tezo ndogo. Nikasimama mbele yake, sisemi kitu.

"Unataka kununua?" akauliza.

"Hapana."

"Basi unataka nini? Salamu huna?"

"Nimeambiwa nisikusalimie."

Tezo ikasimama hewani. "Nani amekwambia?"

"Unamjua."

Akaiweka tezo chini. Akalipanguza kovu lake kama limeanza kuuma. Akaniuliza kama huyo mtu bado anavaa tai hata akienda bombani. Nikasema ndiyo, na penseli. Akatikisa kichwa. Kisha akaanza kuongea na twiga, si na mimi.

"Nilisimama pale dirishani na tiketi mkononi. Nikangoja. Nilijua amekasirika, lakini nikasema hawezi kukosa kuniambia, ameambia hata yule wa kuku. Nikangoja mpaka wa nyuma akanisukuma. Njia yote nilishika kiti cha mbele hivi, na mikono miwili, kama mtu atatupwa nje. Barabara ilikuwa nzuri, dereva mzuri. Mimi nimeshika tu mpaka nyumbani."

"Ulimkataza asije."

"Nilikuwa na hasira. Mtu akikukataza na hasira, miaka minane unakubali? Hana kichwa?" Akanitazama mara ya kwanza. "Ukirudi, mwambie hujaniona."

Nilirudi Jericho. Karani alikuwa kwa veranda, anajifanya anasoma gazeti.

"Ameniambia nikwambie sijamwona," nikasema.

Gazeti likashuka. Aliniangalia, halafu akaanza kucheka, kicheko cha tumbo, mpaka penseli ikaanguka. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo siku yoyote.

"Huyo ambaye hukumwona," akasema akipangusa macho, "anaonekana aje?"

"Amezeeka. Anaongea na twiga. Anauliza kama huna kichwa."

"Alisema hivyo? Kichwa?"

"Hivyo hivyo."

"Halafu?"

Nikamweleza yote, hata ya kushika kiti na mikono miwili. Hapo kicheko kikaisha. Akaingia ndani. Nikasikia kupitia ukuta sutikesi ikitolewa chini ya kitanda, na haikuwa Desemba. Ilikuwa siku ya kazi ya kawaida, watu wanafua nguo.

Kesho yake ploti yote ilimsindikiza. Dereva alichelewa kazini, Mama Zuhura aliacha karai, kijana aliyekosa kwenda Mombasa ndiye alibeba sutikesi. Tulifika saa mbili kabla, lakini leo mzee hakulala kwa benchi. Alikuwa anatembea hapa na pale. "Na kama nimesikia vibaya?" ananiuliza. "Na kama alikuwa anatania? Wewe Redio unajulikana kwa utani. Nikifika anifukuze mbele ya watu?" Nikamwambia mimi natania, twiga hatanii.

Basi ikawaka. Karani akaweka mguu juu ya ngazi, akageuka. Na sisi tukanyamaza wote, watu zaidi ya kumi, kama darasa limeulizwa hesabu. Kila mtu aliogopa kuisema mbele ya mwenyewe. Dereva ananiangalia mimi. Mimi naangalia kijana. Kijana anaangalia tairi, hiyo ndiyo tabia yake.

Mzee uso ukaanza kubadilika.

Mama Zuhura akafuta mikono kwa leso yake, akanisukuma pembeni, akasimama wima pale chini ya ngazi. Akamwangalia. Akaisema, kwa sauti ya pwani, imenyooka, mara moja.

"Umesimama," Karani akasema.

"Nimesimama kwa ajili yako, si kwa ajili ya Kiingereza. Ingia, watu wanangoja."

Basi ikaondoka. Mimi macho yaliniwasha, nikasema ni vitunguu vya Mama Zuhura. Hakuwa amekuja na vitunguu.

Barua haikuja. Mwezi, miezi, mwaka. Nyumba yake ikapewa watu wengine, wana redio ya ukweli, inapiga kelele kuliko mimi. Nikawa nafikiria mabaya: nimemtuma mzee kwa hasira ya watu. Kama alifukuzwa, mtu wa tai kama yeye angerudi Jericho aonekane? Hangeweza. Angeenda kukaa mahali hatumjui. Nilikuwa nashona na nalifikiria hilo, na sindano ilinichoma vidole mara nyingi kuliko zamani.

Halafu yule bibi harusi akazaa, nikatumwa na nguo za mtoto. Nikapanda basi, nikafika, nikatoa nguo, nikala muthokoi wa mama mkwe, yale mahindi yao ya kukobolewa, haraka haraka, nikaenda kwa kinu. Pale sokoni hakukuwa na mchongaji. Mwenye kinu akasema siku hizi anafanyia nyumbani, kule juu, kwenye mabati. Nikapanda hicho kilima.

Niliona kofia kwanza. Ilikuwa imetundikwa kwa tawi, na kuku amekaa ndani. Halafu nikaona wazee wawili chini ya kivuli cha ukuta. Yule mrefu anachonga kitu kikubwa, sijui kifaru sijui kiboko. Mwingine ameketi chini, shati wazi, hana tai, hana penseli, miguu imetanuka, amekumbatia gogo kwa mbele. Vumbi la mti limempaka nyusi.

"Redio!" akasema. Hakusimama. "Karibu. Kaa hapo. Maziwa yako ndani, jichukulie."

"Inua kidogo," ndugu yake akasema.

"Nimeinua."

"Hujainua. Unaongea."

"Umeniharibia bega tangu juzi, sasa unataka niinue."

"Bega la karani. Halijawahi kubeba kitu."

Nikakaa. Nikawapa habari za Jericho, Mama Zuhura, dereva, vioo vilivyovunjwa. Karani anacheka, ndugu anamwambia asitikisike. Tezo inagonga, vipande vinaruka, na mimi namwangalia huyo mzee nisimwamini. Mwisho nikashindwa, nikamwuliza.

"Siku ile ulifika, alikwambia nini?"

"Hakusema kitu." Karani alikuwa anaongea chini chini, kama mwenzake hayuko hapo. "Njia yote nilikuwa nimepanga maneno. Ya Kikamba, ya Kiswahili, mpaka ya Kiingereza. Nikafika hapa na sutikesi, nikasimama mbele yake, yote imekauka. Alikuwa na gogo, analigonga, linamkimbia. Hakuinua kichwa. Akasema tu, 'Shika hapo.'"

"Ukafanya nini?"

"Nikaweka sutikesi chini, nikashika."

"Mpaka saa ngapi?"

Ndugu yake akasimamisha tezo, akapuliza vumbi, akanitazama juu ya kichwa cha Karani.

"Msichana," akasema, "unataka nimkate vidole? Wacha kumwongelesha. Bado ameshika."